Nani Alijaza Maji?

Nakumbuka, mwanangu, siku nilipoingia Kamembe kwa miguu. Kutoka Lubumbashi nilipanda treni mpaka Kalemie, nikavuka ziwa Tanganyika nimelala juu ya magunia mpaka Uvira, nikadandia lori mpaka Bukavu, kisha nikavuka daraja la mpakani la Rusizi na begi moja lililojaa spana za kufungulia nati. Nilikuwa kijana, na niliamini hakuna injini inayoweza kunificha siri.

Mzee Saidi alinipokea kwenye garaji yake. Baada ya miezi sita wateja wakaanza kuniita Enjinia. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na mimi nililitia kweli.

Ijumaa moja, Mzee akiwa msikitini, kijana wa Kigali alileta gari la mbio la viti viwili, limelala chini kama paka anayewinda. Bomba la maji lilikuwa limepasuka. Pembeni yake alikaa mama yake, Maman Verediana, aliyevuka kwa mtumbwi kutoka kisiwa cha Nkombo. Kesho yake asubuhi alitakiwa awe Kigali kupasuliwa jicho. Lile jingine lilikuwa limeshazimika.

Nikafungua boneti ya mbele nione injini. Nikakuta mfuko wa viazi.

"Papa Enjinia," yule mama akasema, "hii moteri banaipikaka na chumvi?"

Watu wote wakacheka. Kumbe injini ilikuwa nyuma ya viti! Kwa aibu nikafanya haraka: nikabadilisha bomba, nikamimina maji mpaka chupa yake ya akiba ikajaa, nikawaambia, "Mwende tu."

Haikupita saa moja wakarudi wakivutwa na pikapu. Kwenye mlima wa Nyakarenzo taa nyekundu ya joto la maji iliwaka, na kijana, Mungu ambariki, akazima injini palepale. Nami, bila hata kugusa kitu, nikatoa hukumu: "Ni kalorstati. Imekufa. Tunaitoa, tunatupa."

Kalorstati ni kilango kidogo kinachofunguka maji yakipata moto. Sisi mafundi wa malori makuukuu tulikuwa tunaking'oa tu, tukisema nchi zetu zina joto, hakina kazi. Bisibisi ilikuwa tayari mkononi mwangu Mzee Saidi alipoingia.

"Weka chini, mwana."

Hakushika chombo chochote. Alisubiri injini ipoe, akaiwasha, akaweka kiganja juu ya bomba la nyuma, likawa la moto, kisha akazunguka akapapasa mabomba ya mbele, kule iliko rejeta inayopoza maji, yakawa baridi. Kisha akaingia ndani, akafungua shofaji, kile kipasha joto cha abiria. Mshale wa joto ulikuwa unapanda. Akaniita niweke uso mbele ya tundu lake la hewa.

Mwanangu, nywele zilinisimama. Nyuma ya viti kulikuwa na moto, na usoni pangu ulipuliza upepo baridi kama wa asubuhi ziwani. Gari lilelile!

"Maji ya shofaji haipitie kwa kalorstati," Mzee akasema, akizima injini. "Kama na hii iko baridi, maji haifike. Iko hewa ndani, imefunga njia." Akatuangalia. "Nani alijaza maji?"

Maman Verediana alinitazama kwa jicho lake moja. Mwamba ngozi huvutia kwake, nami nilikuwa na uongo tayari: bomba bovu, gari la Wazungu, barabara. Lakini lile jicho lilinishinda.

"Ni miye, Mzee. Nilijaza mbiombio. Sikujua kama maji inatembea mpaka mbele."

"Sasa ile kalorstati ilikukosea nini, ulitaka kuiua?"

Walicheka tena, ila safari hii hata mimi nilicheka.

Tulilisukuma gari mpaka pua yake ikaangalia juu ya mlima, hewa ipate kupanda mbele. Lilipopoa, Mzee akalegeza skrubu ndogo juu ya rejeta, nami nikamimina maji kidogokidogo. Alifumba macho akasikiliza. Hewa ikalia kama nyoka, yakaja mapovu, kisha uzi mmoja wa maji safi. Tulipowasha, shofaji ikapuliza moto, feni ikaamka yenyewe, na taa haikuwaka tena.

"Yesu! Sasa inapumua," mama akasema, mkono wake kwenye tundu. Kesho yake jioni mwanawe alipiga simu: jicho limepasuliwa salama, na mama anauliza kama Enjinia amejifunza kutofautisha injini na viazi.

Nimetembea nchi nyingi tangu siku ile, na sijaona ajabu kubwa kuliko ile mikono mitupu iliyosoma ugonjwa. Kwa hiyo nakuambia: kitu kikiharibika, anza kwa kuuliza mkono wako ulipita wapi, kabla ya kushtaki chuma au jirani. Na ukijua ni wewe, sema mapema, injini ikiwa bado nzima. Mficha uchi hazai.

Miaka mitatu baadaye miguu iliniwasha tena. Siku nilipoondoka Kamembe nisirudi, Mzee Saidi alinisindikiza mpaka kwenye basi, akashika mikono yangu miwili akaigeuza viganja juu, kama anayeisoma.

"Utakosea tena huko," akasema. "Mungu akupe watu wa kukuuliza, na akupe kinywa cha kujibu."

Nami nakuombea hayohayo, mwanangu.