Moshi wa Mashineni

Asubuhi ile Kornelio alipanda tena kwenye mgongo wa kilima, mahali njia ya Lukozi inapokata kona, akajibanza nyuma ya miti ya miwati kama mwizi wa mbuzi. Hakuwa mwizi. Alikuwa mnunuzi, kazi ambayo katika miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara, ilimpa mtu wasiwasi kuliko wizi.

Ng'ambo ya bonde ilikuwa nyumba ya Timotheo: nyumba moja ndefu, vyumba sita vya kupangisha, bati juu, na chini ya bati mbao tupu za mti wa mkulo. Kuta mbao, dari mbao, milango mbao, sakafu mbao, isipokuwa ile pembe ya saruji ambako kila mpangaji aliweka mafiga yake. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Moshi ulikuwa unatoka chini ya mapaa, chumba cha kwanza, cha pili, mpaka cha sita. Kornelio akatabasamu. Kwa akili yake, anayewasha moto anapika, anayepika amenunua unga, na aliyenunua unga hakosi hela ya kodi. Alikuwa ameipiga hesabu hiyo wiki nzima na kila siku ilikuwa inatoka ileile. Hesabu haikuwa na tatizo. Tatizo alikuwa mpigaji.

Kiwanda cha mbao cha Mashineni kilikuwa kimekufa mwaka uliopita. Wakubwa walikuja na magari kutangaza kwamba hakikufa, kinabinafsishwa. Akaja mnunuzi wa kwanza, akazitazama mashine, akauliza kama Lushoto kuna hoteli nzuri, hakuonekana tena. Wa pili hakuuliza chochote. Alikuwa mtu wa chuma chakavu. Msumeno mkubwa ambao Kornelio aliulisha magogo tangu ujana wake uliteremshwa Mombo chali juu ya lori, umepakiwa magunia ya kabichi kifuani.

Kornelio alikuwa mfanyakazi wa kudumu, kwa hiyo alipewa kiinua mgongo. Mika na wenzake, ambao ndio waliopanga kwa Timotheo, walikuwa vibarua. Wengine walikuwa vibarua kwa miaka kumi na tano, lakini kibarua ni kibarua. Wao walipewa mkono na hotuba.

Ndiyo sababu hakushuka kugonga mlango. Angegonga aseme nini? Hodi jamani, nimekuja na ile hela ambayo ninyi hamkupata, nataka kununua mnapolala? Tena huku juu mtu aliyepatwa na jambo unakwenda kumpa pole; huendi kumkagulia kuta. Basi akaona heri akague kwa mbali. Milima ya Usambara ina fadhila hiyo: ukisimama upande huu unaiona sufuria ya mtu wa upande ule. Kilicho chini ya sufuria ndicho usichokiona.

Timotheo mwenye nyumba alikuwa mtunza stoo wa kiwanda. Nyumba ile aliijenga kwa mbao ambazo kwenye vitabu vya stoo zililiwa na mchwa, mchwa wenye elimu, maana walikula mbao za urefu sawa. Kiwanda kilipokuwa hai, nyumba kama ile ungeiuza ununue lori. Kilipofungwa ikawa bei ya pikapu mbovu. Halafu ikawa bei ya ng'ombe wa maziwa na ndama wake, na sasa Timotheo, aliyekuwa anataka kushuka Tanga kuuza mitumba, alikuwa ameshamwacha ndama. Kila nyumba iliyozunguka kiwanda ilikuwa inateremka hivyohivyo, na kila iliposhuka Kornelio alisikia kitu kinamwita kwa jina.

Alipotolewa kwenye nyumba ya kiwanda alikimbilia Lukozi kwa kaka yake, Emanueli. Emanueli hakuwa mtu mbaya. Ila kila siku kabla ya chakula alifumba macho akamshukuru Mungu kwa ugali, kwa mboga na kwa "wageni wetu". Wageni walikuwa Kornelio, mkewe Yusta na binti yao Rahabu, na walikuwa wageni mwezi wa nane sasa. Emanueli alitaka kile kiinua mgongo kiingie kwenye kabichi zake. Kornelio alitaka paa ambalo chini yake hatashukuriwa. Hela ilikuwa ya kitu kimoja tu, haikuwa na mwenzake wala mdogo wake.

"Umetoka tena kutazama moshi?" Yusta alimwuliza mumewe aliporudi. Alikuwa anamenya viazi na hakuinua uso.

"Vyumba vyote, mama Rahabu. Hakuna hata kimoja kilichopoa."

"Na kazi wanafanya wapi hao?"

"Aa, watu hawakosi. Wanabeba mboga, wanalimia watu."

"Nimekuuliza wanafanya wapi."

"Sasa unataka nikawaulize watu mshahara wao?"

"Nataka ukawaulize chochote! Mbuzi tu unamfungua mdomo uone meno. Nyumba unainunua kwa kuichungulia kama binti wa pasta."

"Bei imeshuka, Yusta. Ikishuka tena atanunua mwingine."

"Ikishuka tena maana yake huyo mwingine naye kaikataa."

Kornelio akakasirika. Akasema nyumba ni nyumba. Akasema chumba kimoja watakaa wao na vitano vitawalisha, na Rahabu atasoma bila kuomba sabuni kwa baba yake mkubwa. Yusta alikuwa amefungua kinywa kumrarua alipotokea Emanueli mlangoni, mkono kiunoni, uso umejaa upendo.

"Wageni, karibuni mle."

Yusta akaweka kisu chini. Alisubiri shemeji yake aingie ndani kwanza.

"Kanunue," akasema.

Waliandikishana mbele ya mwenyekiti wa kijiji siku ya Jumatatu. Kornelio alijikaza akauliza wapangaji wakoje.

"Watulivu," Timotheo alisema. "Tangu kiwanda kifungwe hakuna hata mmoja aliyekuja kunisumbua."

Hilo lilikuwa kweli. Yeye naye alikuwa hajakanyaga kwao tangu siku hiyo, kwa kuogopa kuulizwa habari za mchwa. Hivyo nyumba iliuzwa na mtu asiyeijua kwa mtu asiyeijua, na mwenyekiti akapiga mhuri.

Kornelio alitoka pale moja kwa moja mpaka Mashineni. Sasa alikuwa na haki ya kugonga. Aliyefungua alikuwa Efrazia, mke wa Mika.

"Haa, shemeji! Leo umetukumbuka! Mika, mtazame nani kaja!"

Kornelio akainama akaingia, na kabla macho hayajazoea giza pua ilikuwa imeshafika. Ilikuwa ile harufu kama ya karafumaiti, kali na tamu, ambayo alirudi nayo nyumbani kwenye nguo kila siku ya ujana wake. Macho yalipozoea, akaona mbali kuliko alivyotarajia. Alikuwa amesimama chumba cha kwanza na alikuwa anauona ukuta wa mwisho wa chumba cha sita. Katikati hapakuwa na kitu ila mablanketi yaliyoanikwa kwenye kamba, na nyuma ya kila blanketi moto na watu. Juu hakukuwa na dari. Mika alikuwa amechuchumaa kwenye mafiga, anavunja ubao kwa goti.

"Mnachoma mkulo," Kornelio alisema.

"Ndio uliopo," Mika akajibu. "Kaa, kaka. Chai inakuja."

Tangu kiwanda kijengwe hakuna mtu wa Mashineni aliyewahi kutafuta kuni. Mabanzi, vile vipande vya kando ya gogo, yalikuwa yanatupwa nyuma ya msumeno, unajibebea unavyoweza. Ndoa nzima ya Kornelio ilipikwa kwa mabanzi. Msumeno uliposimama, mabanzi yakasimama nayo. Na msitu ulikuwa umeshafungwa; ukionekana na shoka huko, bwana misitu anakuteremsha mahakamani Lushoto na shoka lako likiwa shahidi. Haya kila mtu aliyajua. Kornelio aliyajua. Hakuwahi tu kuyaweka karibu na ule moshi akayatazama pamoja.

"Tulianza na dari, shemeji," Efrazia alieleza huku akimimina chai. "Dari ina kazi gani? Nani anatazama juu? Ikaja milango ya ndani. Halafu tukasema, sisi wote kwaya moja, tunafichana nini?"

"Mimi nilisema ukuta wa kwangu ubaki," sauti ya mzee ikatoka nyuma ya blanketi la nne. "Mke wangu anakoroma."

"Ukabaki mpaka lini, mzee?"

"Mpaka mvua ya Jumatano."

Wakacheka, nyumba nzima kwa mara moja, kwa sababu ilikuwa chumba kimoja.

"Na mwenye nyumba?" Kornelio akauliza.

"Timotheo? Aje!" Mika akasema. "Aje atudai. Nitamkalisha hapohapo ulipokaa wewe, nimwulize mbao hizi alizinunua kwa nani."

Kornelio akanywa chai. Ilikuwa chai nzuri, imechemka sawasawa.

"Mwenye nyumba ni mimi," akasema. "Tangu asubuhi hii."

Mika aliutazama ubao aliokuwa ameushika, nusu ndani ya moto, nusu nje. Akauvuta taratibu, akaizima ncha yake kwenye majivu, akauweka miguuni pa Kornelio kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Tuwie radhi, kaka," akasema.

Kodi waliahidi. Waliahidi kwa moyo, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya, maana mtu anayekutukana unajua pa kumshika. Kornelio akawaomba wasichome tena nyumba. Wakaitikia. Akawaletea mzigo wa kuni kutoka shambani kwa Emanueli, akaleta wa pili, na kwenye wa tatu Emanueli akauliza, kwa upole wake, kama wageni sasa wameanza kukaribisha wageni. Kuni zikakoma. Kisha kikaingia kipupwe, ukungu haukuondoka hata mchana, na watoto wa Mashineni wakaanza kukohoa kama wazee. Kornelio akapanda kilimani akatazama. Moshi ulikuwa unatoka, chumba cha kwanza mpaka cha sita. Walikuwa wamefika kwenye sakafu.

"Mdogo wangu," Emanueli alimwambia, "ile si nyumba. Zile ni bati zilizowekwa juu ya watu. Na bati hapa Lukozi zinagombaniwa. Wenye kabichi wote wanajenga." Hakusema hela ya bati itaingia wapi. Ilikuwa na njia moja tu, nayo ilielekea kwenye kabichi.

Kornelio alilala na maneno hayo, akaamka nayo, akayatembeza mpaka shambani na kurudi. Kila ubao uliowaka ng'ambo ulikuwa unatoka mfukoni mwake. Wakimaliza sakafu watakuja kwenye kenchi zinazobeba bati, na kenchi zikienda bati zitaanguka zipinde, na bati iliyopinda nani anainunua? Alijikuta anawachukia wale watu kwa kusikia baridi. Alipoona amefika hapo, akajua ameshaamua.

"Efrazia ndiye aliyempokea Rahabu," Yusta akasema aliposikia kwamba bati zitauzwa. "Mkunga amekwama kwenye matope, Efrazia kafunga kitambaa kichwani, kampokea."

"Najua."

"Najua unajua. Ndiyo uende ukamwambie mwenyewe. Usipande kilimani ukamwambie kutoka kule."

Akaenda. Aliwakuta wote nje, wamekaa ukutani upande uliokuwa na jua kidogo. Aliyasema yote bila kupumzika, akitazama viatu vyake: bati anazishusha, na kenchi, mwezi huu huu, hana namna.

Efrazia hakumwita shemeji. Alifunga khanga yake upya akaingia ndani.

"Bati tu?" Mika akauliza.

"Bati na kenchi."

"Mafundi wa kushusha umeshapata?"

"Bado."

Mika akawatazama wenzake. "Sisi si tupo?"

Kornelio alifikiri anamkebehi. Akainua macho. Mika hakuwa anakebehi. Alikuwa na uso wa mtu aliyesikia honi ya kiwanda.

"Siku ya kibarua bei ileile ya kiwanda?" mzee wa blanketi la nne akadakia.

"Ileile," Kornelio akasema.

"Taslimu?"

"Taslimu."

Walianza Alhamisi. Walifanya kazi kama watu waliokuwa wanaingojea: misumari ikang'olewa mmoja mmoja ikanyooshwa, bati zikateremshwa bila hata moja kupiga kona chini. Wakataniana juu ya ngazi. Mmoja akamwita Mika nyapara, na Mika akajibu kwamba nyapara wa kweli angeshaiba bati tatu. Efrazia alisimama ndani akizipokea, na kila iliyoondoka ukungu ulishuka kuchukua nafasi yake, mpaka sufuria zake, vitanda na mablanketi yote yakawa yamekaa wazi kama vitu vya mnada. Akachukua nailoni ya kuanikia mahindi akaitandaza juu ya kitanda cha watoto.

Jioni haijafika pikapu ya Lukozi ikapakia, ikaondoka. Mzigo huo ulimpa Kornelio nusu ya bei aliyolipia nyumba. Akawapanga mafundi wake, akawalipa mkononi. Ulikuwa mshahara wa kwanza Mashineni tangu kiwanda kifungwe, na walishukuru kama desturi inavyotaka.

Mika alikuwa wa mwisho. Aliikunja hela akaitia kwenye soksi.

"Hizi kuta za nje," akasema, akiigonga mojawapo kwa kiganja, "nazo utazitoa?"

Kornelio alikuwa hajafikiria hilo. Sasa alilifikiria.

"Labda kesho."

"Basi kesho tusitafute kazi nyingine." Mika akaitikia kwa kichwa, mtu mwenye ratiba. "Usiku mwema, bosi."

Akainama, akaingia ndani, akafunga mlango nyuma yake.