Wimbo Niliowapa Wakolombia

Maneno ya wimbo wenyewe siyaandiki. Nimeshayatoa mara moja mahali yasipostahili kutolewa, na mara hiyo moja inanitosha. Aliyechezwa unyago kule kwetu Temeke huenda akaujua. Asiyechezwa ajue tu kwamba akiusikiliza juu juu atadhani ni habari za jikoni na shambani, kinu na mchi na mpunga. Ndivyo ulivyotungwa, uweze kupita mbele ya watu bila kuonekana.

Mimi ni mtunza wazee. Kazi yangu iko katika nyumba moja ya wazee huko Downsview, hapa Kanada, na ni mwenzangu wa kazini, Mkolombia, aliyenivuta kwenye kikundi chao. Alinikuta natandika kitanda huku naimba, akaniambia kuna kina mama wanakutana kila Alhamisi jioni katika ukumbi wa chini wa ghorofa moja pale Jane na Finch. Walikuwa wanajiandaa kwa tamasha la sanaa za Walatino linalofanyika mjini kila majani yakianza kupukutika. Nikamwambia mimi si Mlatino. Akasema ngoma haiulizi pasipoti. Mara ya kwanza nilikwenda kumridhisha yeye, mara ya pili nikaenda kwa ajili yangu mwenyewe.

Kiongozi wao alikuwa mama mweusi tii kutoka pwani ya Kolombia, upande wa Pasifiki, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Kwao, alitueleza, nyimbo ni mali ya wanawake. Wanaume wanaachiwa ngoma, wanawake wanashika kayamba za mwanzi na kuongoza. Kikundini kwetu wanaume hawakuwapo, hata ngoma tulipiga wenyewe. Siku ya kwanza kumwona anayumba na kayamba yake nilishikwa na kicheko, maana alikuwa shangazi yangu mtupu, ila anazungumza Kihispania, na Kiingereza cha kuungaunga kwa ajili yangu.

Alhamisi moja alitufundisha wimbo unaoimbwa kwao akifa mtoto mchanga. Mtoto wa namna hiyo, alisema, anakwenda mbinguni moja kwa moja, kwa hiyo hawamlilii. Wanamwimbia na kumchezea, wanampokezana mikononi mpaka kunakucha. Tulipoushika vizuri akatuambia kwamba yeye mwenyewe aliimbiwa wimbo huo, alipofiwa na mtoto wake wa kwanza. Akajifuta uso kwa mkono wa sweta, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa mgeni.

"Sasa wewe. Tuletee wa kwenu. Wa wanawake."

Hapo ndipo nilipojikwaa. Nyimbo nilikuwa nazo chungu nzima: za harusi, za kubembelezea watoto, hata za mchakamchaka wa shule. Ningechagua wowote, ningepigiwa makofi, tungekwenda zetu nyumbani. Lakini mama wa watu ametuwekea mtoto wake mbele, mimi nilete wimbo wa mchakamchaka? Mkono mtupu haulambwi. Na nisijifanye mtakatifu, kulikuwa na majivuno pia. Nilitaka wale wanawake, walionizoea kama yule Mwafrika mpole wa pembeni, wajue kwamba na sisi kwetu tuna mambo mazito.

Nikawapa ule wa somo yangu. Somo yangu ndiye mwanamke aliyenishika nilipovunja ungo, nikawekwa ndani mwali, akanifunza mambo ya utu uzima. Si ndugu wa damu, lakini kwetu somo ni zaidi ya ndugu. Mpaka leo nikimpigia simu nasimama, utadhani ananiona. Siku aliyoniimbia wimbo ule chumbani walikuwamo wanawake watupu, dirisha limefungwa, na hata kitoto cha kiume cha kunyonya kilipelekwa nje. Alipomaliza akanishika kidevu akasema, "Hiki umepewa ukitunze, si ukigawe. Utampa binti yako, basi."

Wakolombia waliponiuliza maana yake nilisema ni wimbo wa mavuno. Uongo ulinitoka laini kabisa. Kiongozi akatazama kiuno changu kilivyokuwa kinakwenda, akaangua kicheko.

"Mavuno ya nini haya, dada yangu?"

"Mpunga," nikamjibu.

Wakacheka wote, nami nikacheka. Ukaandikwa hivyo hivyo kwenye ratiba ya onyesho: wimbo wa mavuno, Tanzania.

Sasa niseme habari za binti yangu, maana ndiye hasa niliyemkosea. Ana miaka kumi na tisa, anasoma chuo kikuu pale karibu, na kila Alhamisi alikuwa akinipitia ukumbini tupande basi pamoja kurudi nyumbani. Amekulia hapa. Kiswahili anakielewa chote, hata ukimsengenya ukiwa chumba cha pili atakusikia, lakini majibu yake ni ya Kiingereza. Hakuchezwa. Alipovunja ungo mimi nilikuwa zamu. Niliporudi nilikuta ameshajihudumia mwenyewe, shuleni walikuwa wamemweleza kila kitu kwenye darasa la afya. Nikamwambia, "Umekua sasa, jitunze." Hayo ndiyo maneno yote niliyompa mwanangu, na ninaona aibu kuyaandika.

Somo yangu alipiga simu kutoka Temeke siku zile akauliza mwali anaingia ndani lini. Nikamwambia tukija likizo. Likizo ikifika kuna zamu, kuna nauli, kuna mitihani. Mtu asiyetaka hakosi sababu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa mtoto aliyesomeshwa Kanada atanicheka, na mimi mbele ya mwanangu sipendi kuchekwa.

Mwanzoni alikaa pembeni na simu yake, anatusubiri tumalize. Siku moja kiongozi akamtia kayamba mkononi bila kumwuliza. Akatikisa. Wiki iliyofuata alikuwa anaimba, na ndani ya basi akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba katika nyimbo zote anaoupenda zaidi ni huu wa kwetu. Ningeweza kumzuia. Ningemwambia sababu gani? Wimbo wa mavuno una ubaya gani? Tena, Mungu anisamehe, nilifurahi kumsikia. Mtoto ambaye hata shikamoo humtoka kwa kuvutwa, leo anatamka Kiswahili cha Temeke neno kwa neno bila kukosea.

Onyesho lilikuwa Jumamosi moja ya Oktoba, katikati ya jiji. Kwenye korido za ukumbi walikuwa wametandaza sanaa za kila namna: picha zilizochapwa kwa mbao, vikaragosi vyenye meno makubwa, karatasi za rangi zilizotobolewatobolewa zikining'inia darini, na meza ya kuwakumbuka marehemu yenye mishumaa na maua ya manjano. Mama mmoja wa Ekuador alikuwa anauza vitu ambavyo sisi tungeviita sambusa zilizonenepa. Mume wangu alikuja amevaa koti lake la harusi. Yeye ni mtu wa Mwanza, ya pwani hayajui. Akakaa safu ya mbele kabisa, simu mkononi tayari kurekodi.

Sikuwa nimemwalika Mtanzania mwingine yeyote. Lakini tangazo lilikuwa limezunguka kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu, na pale safu ya tatu nikamwona bi mkubwa mmoja mzaliwa wa Ilala, anayeishi na mwanawe Don Mills, yule anayetupikia pilau kwenye misiba yote. Huyo alichezwa, wimbo angeujua. Mtangazaji akasema wimbo wa mavuno kutoka Tanzania, ngoma ikaanza. Mstari wa kwanza tu, bi mkubwa akavuta ncha ya mtandio akajiziba mdomo. Mstari wa pili akainamisha uso.

Sikuweza tena kutazama kwingine. Wanaume waliokaa karibu naye walikuwa wanapiga makofi kufuata mdundo. Mume wangu anarekodi. Na katikati ya jukwaa binti yangu, kichwa juu, anaimba mbele ya baba yake maneno ambayo mimi, na utu uzima wangu huu, siwezi kuyatamka mbele ya baba yangu. Alikuwa anaimba vizuri kuliko sisi wote. Angeimba vibaya ningeumia kidogo.

Ukumbi ulisimama kutushangilia. Nilipotoka koridoni nikamkuta bi mkubwa amemkumbatia binti yangu, anamwambia ana sauti nzuri, Mungu amlinde. Kisha akanishika mkono akanivuta kando.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu mtoto amechezwa?"

"Bado, mama."

"Na hao wenzio?"

Nikawatazama kina mama wa Kolombia, kayamba bado mikononi.

"Na baba yake anapiga picha!" Akatikisa kichwa. Sikujua anataka kucheka au kulia. "Mwanangu, umemvalisha mtoto hujamwogesha. Wimbo anao, maana yake hana. Siku akija kuambiwa na mtu baki, atakutazama kwa jicho gani?"

"Nimekosa, mama."

"Mimi hujanikosea kitu," akasema, akaachia mkono wangu. "Mimi nimekula sambusa za watu, nakwenda zangu."

Kabla hatujafika kwenye treni, mume wangu alikuwa ameshaituma video kwenye kundi la ukoo, alimo na mdogo wangu wa Temeke. Nikamwomba aifute. Akanishangaa. "Niifute kwa nini? Si wimbo wa mavuno tu? Na mtoto alivyopendeza!" Ningemweleza nini? Ukitaja sababu umeshaitoboa siri, na mimi siku ile nilikuwa nimetoboa ya kutosha. Njia nzima nilimfikiria yule mama wa Kolombia. Yeye alitoa kilichokuwa chake, msiba wake mwenyewe, na ana haki ya kumpa amtakaye. Mimi niligawa amana ya watu, halafu nikaisingizia mpunga.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, nilikuwa jikoni nakaanga mayai. Binti yangu alikuwa ameegemea friji anakunywa chai. Simu ikalia, nikaona jina la somo yangu. Mikono ilikuwa imejaa mafuta, nikaibonyeza spika kwa kiwiko. Kabla ya salamu nilisikia vigelegele.

"Hongera, mwanangu! Hongera! Kumbe umemcheza mtoto huko huko Kanada, na mimi huku nakunung'unikia! Mdogo wako kanionyesha kwenye simu yake. Nimeona wanawake watupu, ngoma imewiva, mwali yuko katikati. Nikasema alhamdulillahi, amepata wa kumsimamia. Ila huyo aliyepiga picha mkanye. Ya ndani hayapigwi picha."

Ile video ya mume wangu ilikuwa ya jukwaa tu. Ukumbi haukuonekana, wala wanaume, wala yeye mwenyewe. Nilipaswa kusema hapo hapo. Nilifungua mdomo niseme, ukatoka uongo mwingine.

"Asante, somo."

"Nilikuwa naogopa," akasema, na sauti yake ikalegea. "Naogopa nife yule mtoto hajapewa chake. Wewe sikukuzaa, lakini kazi yangu kwako ilikuwa haijaisha. Sasa nimepumzika. Haya, nipe mwali wangu nimpe hongera yake. Nimwulize na yale yangu mawili matatu."

Yale mawili matatu ni mafumbo. Mwali akishatoka ndani, somo humtupia fumbo, naye hujibu, na majibu yake hayafundishwi popote pengine. Binti yangu asingejua hata moja. Alikuwa ameshaweka kikombe chini na kunyoosha mkono aipokee simu, anatabasamu, maana ingawa hakuelewa hongera ni ya nini, alielewa kwamba ni yake.

"Amelala, somo," nikasema.

Mkono wa binti yangu ukabaki hewani. Akanitazama mimi, akaitazama simu, kisha akaiinamia na kusema kwa Kiswahili, polepole, kwa adabu:

"Shikamoo, bibi. Sijalala. Niko hapa."

Mayai yalikuwa yameanza kuungua. Upande wa Temeke hakukusikika kitu isipokuwa kuku wa uani. Somo yangu amefunza wasichana wa mtaa mzima, na uongo wa mwali wake anaujua kuliko mwali mwenyewe.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema mwishowe. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, bila ukali wowote, "Basi mwache mwali alale. Akiamka, nisalimie huyo mtoto."

Akakata simu. Mimi nilibaki nimesimama tu, binti yangu ndiye aliyezima jiko. Akakisogeza kikaango pembeni, akafungua dirisha moshi utoke, kisha akanigeukia.

"Mama," akasema, bado kwa Kiswahili, "mwali ni nani?"