Ukurasa wa Miguu

Dianah, jirani yangu hapa Gitothua, ndiye aliyeandika Kiswahili cha tovuti ya kliniki moja ya kisukari. Aliandika akimfikiria mama yake, Kaveke, mstaafu wa kiwandani anayeishi Makongeni, msomaji mkubwa wa Biblia ya Kiswahili na mgonjwa wa sukari wa miaka mingi. Ukurasa wa miguu ndio uliomtoa jasho. Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopwa, aliandika, ukikiona leo njoo leo.

Balaa ikawa Lenny, fundi wa tovuti. Dianah alitaka kila mgeni aulizwe lugha mara tu anapoingia.

"Zii, hiyo itaharibu design," Lenny akasema. "Page inaangalia tu simu imesetiwa lugha gani, inafungua na hiyo. Simu inajua mwenyewe."

"Simu za huku zinajua lugha ya duka, Lenny."

Alisema kweli tupu. Nani kwetu ana simu ya Kiswahili? Tunazinunua zikiwa na Kiingereza, tunaziacha hivyo hata sisi tusiokijua, maana ukibadilisha utachekwa. Lakini wakubwa walimsikiliza Lenny. Mpaka leo nikimwona damu hunichemka.

Dianah akamwomba kaka yake Munyao aibadilishe simu ya mama. Kisha akampigia mama.

"Mwaitu, umesoma ile page ya miguu?"

"Nimesoma yote. Umeandika vizuri sana, mwanangu."

Dianah akatulia moyo. Miezi ikapita, na ofisini wakaanza kusema Kiswahili kiondolewe kwa kuwa hakuna anayekifungua. Kabla hawajaamua, tukaitwa hospitali. Mguu wa mama Kaveke ulikuwa umekatwa chini ya goti.

Tulimkuta akimwonyesha simu mgonjwa wa kitanda cha pili. "Haya yote ameandika mtoto wangu," alikuwa akisema. Dianah akaichukua ile simu. Kiingereza juu mpaka chini.

"Mwaitu, page hii si yangu. Yangu ni ya Kiswahili. Munyao hakubadilisha?"

"Alitaka, nikamkatalia. Mtoto amesoma mpaka chuo, nilijua ameandika Kingereza. Hata watu wa kanisa nimewaonyesha."

"Lakini uliniambia umesoma!"

"Ningekuambia aje, Dianah? Kwamba mama yako hawezi kusoma kazi yako?"

Nilitamani ardhi inimeze, na mimi si mtoto wake. Dianah hakulia. Alibonyeza hapa na pale, Kiswahili kikatokea, kazi ya dakika moja tu, akamrudishia mama simu bila kufikiri. Laiti angeizima.

Mama akavaa miwani. Akasoma polepole, midomo ikicheza, akisogeza maneno kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Nilikiona," akasema. "Hakikuwa kinauma."

Akampa Dianah simu, akageukia ukutani.