Mlinzi Aliyelala Kwenye Ramani

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Bi Handaki anapanga viti vinne kuzunguka meza, anakiondoa kimoja, kisha anakirudisha. Chumba ni stoo ya duka la fotokopi, ghorofa ya kwanza, na maboksi ya karatasi yamepangwa hadi dirishani. Mezani kuna penseli tatu, kifutio kimoja na dadu yenye pande ishirini.

"Leo nina mgeni ambaye hakuja kucheza," ananong'ona. "Amekuja kunichunguza."

Mgeni huyo tayari ameketi. Ni mlinzi wa jengo, mwanamume wa miaka hamsini na ushee, ambaye wapangaji wote humwita Afande ingawa hajawahi kuvaa gwanda la jeshi. Anaitazama dadu, anamtazama mwandishi wa makala haya, kisha anaitazama tena dadu. Ni dhahiri hamwamini yeyote kati yetu, dadu ikiwemo.

Siku za kazi, Bi Handaki, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, hutoa nakala, huchapa barua za kuomba kazi na kutia vyeti plastiki. Jumamosi huendesha mchezo. Hauna skrini wala umeme. Yeye husimulia handaki la kale lenye milango, mitego na viumbe wa ajabu. Wachezaji husema watu wao wanafanya nini humo. Na jambo likiwa la kubahatisha, dadu huamua. Anayejeruhiwa hupungukiwa "pumzi". Pumzi zikiisha, mtu wake amekufa, na mchezaji mwenyewe anaendelea kunywa chai.

Mchezo wenyewe aliupata kwa mteja. Miaka sita iliyopita mtu alileta kitabu cha kurasa mia mbili kitolewe nakala, akasema anarudi baada ya chakula cha mchana.

"Nilimngoja miezi mitatu," anasema. "Wa nne nikakifungua. Nilidhani ni sheria za gereza."

Huwapenda zaidi wachezaji wapya, wale wanaougusa mlango wenye mtego kwa kiganja kizima. Kiti ni bei ya soda moja, na Jumamosi nzuri hupata viti sita. Si utajiri. "Lakini wiki nzima natoa nakala za maneno ya watu," anasema. "Jumamosi maneno ni yangu."

Wiki hii nusura yamponze. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya fotokopi analijua kosa lenyewe: unatoa nakala, unaichukua, na karatasi ya asili unaisahau kwenye kioo cha mashine. Jumanne alitoa nakala ya ramani ya handaki jipya. Mteja aliyefuata alikuwa Afande, aliyetaka nakala ya kitambulisho chake. Akafunua kifuniko.

Akaona korido ndefu, vyumba saba na ngazi ya nyuma. Mlangoni paliandikwa "kufuli bovu". Chumba cha mwisho, "sanduku". Na kando ya ngazi, kwa wino mwekundu: "Mlinzi analala hapa."

Kibaya zaidi, korido ilikuwa ya jengo lile lile. Bi Handaki hajui kubuni majengo, huchora anayoyajua. "Nilihesabu hatua zangu mwenyewe kutoka dukani hadi msalani," anakiri.

Machale yakamcheza Afande. Aliikunja karatasi, akapanda nayo hadi kwa mwenye jengo, mama mmoja mjane anayekagua mwenyewe kama taa za ngazini zimezimwa. Jioni amri ikatoka: Afande akae kwenye mchezo wa Jumamosi mwanzo hadi mwisho, kisha alete ripoti. Ikiwa mbaya, watu wasikutane tena stoo. Na Bi Handaki hana meza nyingine. Nyumbani analala chumba kimoja na dada yake na watoto watatu wa dada yake.

Ndiyo maana asubuhi hii anagawa penseli bila kumtazama Afande. Wachezaji wengine wawili ni msusi wa mtaa wa pili na wifi yake, na wote ni mara yao ya kwanza.

"Mko mbele ya mlango wa chuma," anaanza. "Kufuli limelegea."

"Wifi, tangulia," anasema msusi.

"Nitangulie mimi? Kaka yako akikuuliza nimefia wapi, utamjibu nini?"

Afande anakohoa. "Funguo za mlango huu anashika nani?"

Kwa miaka sita hakuna aliyewahi kuliuliza swali hilo. "Haijulikani," anajibu Bi Handaki.

"Haijulikani," anarudia Afande, na anaandika kitu kwenye kijidaftari chake.

Saa nzima inakwenda hivyo. Mifupa inayotembea ikitokea gizani, Afande anataka kujua kama imepita getini au inaishi humo humo. Msusi anacheka hadi machozi. Bi Handaki hacheki. Kila kalamu ya Afande ikigusa karatasi, yeye anakosea sentensi.

Wanafika kwenye ngazi. "Kando yake ameketi mlinzi," anasimulia, na sauti inashuka. "Kofia usoni, buti miguuni. Anakoroma."

Wifi ameshainyakua dadu. "Nampiga rungu kabla hajaamka!"

"Weka hiyo dadu chini," anasema Afande. "Huyo hajalala."

"Si anakoroma?"

"Na amevaa buti. Mlinzi akilala kweli huvua buti, maana miguu inawaka moto. Huyo anapumzisha macho tu."

Kwenye ramani, mlinzi amelala, na Bi Handaki angeweza kusema hivyo na kuendelea. Anamtazama Afande. "Mlinzi anafumbua jicho moja," anasema.

Afande anainamia meza. "Mwenzangu, zamu yako inaisha saa ngapi?"

Kanuni ni kwamba msimulizi humjibia kila aliyemo handakini. Bi Handaki anabadili sauti, anaifanya nzito. "Iliisha juzi. Wa kunipokea hajatokea."

Afande anasimama ghafla hadi kiti kinaanguka. "Nani amekwambia?"

"Ameniambia nini?"

"Usijifanye hamnazo, dada. Nani amekwambia?"

Hapo ndipo mambo yakatoka. Kwa miezi mitatu kampuni iliyomwajiri imekuwa ikileta mlinzi mmoja badala ya wawili. Afande hukesha, hushinda, na mara nyingine hufika saa thelathini na sita bila kupokewa. Akizidiwa, huenda kando ya ngazi ya nyuma na kulala. Hakuna aliyejua. Kisha Jumanne akafunua kifuniko cha mashine na kujiona kwa wino mwekundu. Hakuwahi kuogopa wizi.

"Nilijua unakwenda kunichongea kwa mama," akasema. "Nikaona nikuwahi, nimwambie ni ramani ya wezi."

"Afande, haki ya Mungu, nilibuni! Handaki gani halina mlinzi anayelala? Hata kitabu kinasema."

Afande akamtazama msusi, akamtazama wifi, akanitupia jicho mimi. "Na huyu naye anaandika." Nilifunga daftari. Ruhusa ya kuyaandika haya aliitoa Jumatatu, baada ya kunihoji kwa muda mrefu kuliko nilivyomhoji.

Akatoka kwenda kutoa ripoti. Mlango ulipofungwa, msusi alimrukia Bi Handaki: "Panda umwahi! Mwambie mama kwamba mlinzi wake analala kazini, uone kama ripoti yake itasikilizwa."

Bi Handaki aliinuka, akafika mlangoni, akashika kitasa. Kisha akarudi kukaa.

"Nilitaka, sitadanganya," ananiambia. "Nilikuwa na hofu na hasira. Halafu nikawaza: nikishinda kwa njia hiyo, nitawaambiaje watu waje kukaa nami mezani?"

Nusu saa baadaye mwenye jengo alishuka mwenyewe, Afande nyuma yake. Hakusalimia.

"Huyu ameniambia analala kwenye ngazi yangu. Ulijua?"

"Hapana, mama."

"Umeandika kwa wino mwekundu na hukujua."

"Nilibuni, mama."

"Mtu habuni kitu kama hicho," alisema mama, na hadi leo anashikilia hivyo hivyo.

Hata hivyo stoo haikufungwa. Masharti ni mawili: mlango ubaki wazi wakati wa mchezo, na nakala ya kila ramani imfikie mama kwanza. Kampuni ya ulinzi aliipigia simu palepale, na Jumatatu mlinzi wa pili akaripoti kazini. Afande akikutwa tena amelala, mama alisema, asimletee habari za buti.

Kwa nini Afande alijitaja mwenyewe? "Ningesema ni mchezo tu, angeniuliza kwa nini basi karatasi ilinitia kiwewe," alinieleza. "Ningejibu nini?"

Bi Handaki sasa anachora handaki lingine, kwa kufuata shule aliyosoma zamani, asije akasingiziwa tena. Anataka kuongeza meza ya Jumapili na kuandika kijitabu cha kanuni kwa maneno yake, akitoe nakala kwa mashine ile ile. Kubwa zaidi, anataka siku moja amketishe mwenye jengo kwenye kiti. "Yule angefika mwisho wa handaki bila jeraha," anasema. "Hamwamini mtu."

Jumamosi ile, mama alipokwisha kuondoka, Bi Handaki alikusanya karatasi za wachezaji awatunzie hadi wiki ijayo. Ya Afande ilionyesha bado ana pumzi tisa. Afande aliinyakua mkononi mwake, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Humu ndani siwaamini," alisema. "Wiki ijayo tunaanzia pale pale kwenye ngazi. Na yule mwenzangu asiguswe."