Mdudu Asiye na Sare

Baba yangu alikuwa sajini wa jeshi, na mtu akishakuwa sajini hawezi tena kupanda sukuma wiki kama watu wengine. Lazima azipange foleni. Tuliporudi kijijini kwetu Lobule kutoka ukimbizini Zaire, katikati ya miaka ya themanini, tulikuta nyumba yetu imebaki ukuta mmoja na nyasi zimeota mahali pa kitanda. Mtu mwingine angekaa chini akalia. Baba alipima uwanja kwa hatua, akachomeka vijiti, akatangaza kwamba hapa itakuwa kambi na pale itakuwa bustani, na kwamba bustani iko chini ya ulinzi kuanzia saa hiyo.

Nisimcheke sana kabla sijasema alichokuwa akikitaka. Wakati wa jeshi alitulisha kwa mshahara, na kwa magunia yaliyoshushwa kwenye lori bila mtu kuuliza yametoka wapi. Kule Zaire aliyetulisha ni mama, kwa kulima mashamba ya watu, huku baba akiketi na wazee wenzake wa jeshi wakirudia vita ambavyo walikuwa wameshashindwa. Sasa chakula tulichopewa sisi tuliorudi kilikuwa kinakwisha, na muhogo bado ulikuwa na urefu wa goti. Baba alitaka kitu kimoja tu: atulishe yeye, kwa mikono yake, bila bunduki na bila lori. Ile mistari minane ya sukuma ndiyo iliyokuwa kati yetu na njaa, na kati yake na aibu. Mbegu mama alizifuata mjini Arua, akarudi nazo zimefungwa kwenye ncha ya leso.

Kuna pia habari ya sare. Mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka, baba alifika nyumbani kwa miguu akiwa amevaa kanzu iliyomwishia magotini. Alisema ni kwa sababu ya Ijumaa. Ilikuwa Jumanne. Siku chache baadaye tulivuka mpaka, na kwa miaka yote ya ukimbizi kila mtoto aliyeuliza sare iko wapi alipata jibu lile lile: "Iko kwa stoo, Kampala. Iko ngoja mimi." Nilipokuwa mdogo niliiona akilini ikiwa imepigwa pasi, imetundikwa, ina subira. Nilipokua niliacha kuuliza.

Sukuma zilipofika urefu wa kiganja, adui alikuja. Walikuwa vidukari, ambao sisi tuliwaita chawa wa sukuma: vijidudu vya kijivu, laini, vilivyojaza mgongo wa jani mpaka likajikunja. Baba alipiga filimbi. Watoto watano tulisimama mstari mmoja kwa urefu, kila mmoja na kopo la maji ya sabuni mkononi, tukaingia bustanini umande ukiwa bado haujakauka. Kazi ilikuwa kuokota kila mdudu na kumtosa. Tukimaliza tulitoa ripoti.

"Leo adui ngapi?"

"Arobaini na tatu, Afande."

"Sitini, Afande."

Mdogo wetu wa mwisho, msichana aliyejua kuhesabu mpaka kumi tu, alisema, "Mingi, Afande," na ripoti yake ndiyo pekee iliyokuwa ya kweli.

Vita vya baba vingeweza kufaulu kama asingekuwa na elimu ya kijeshi. Siku ya tatu alimwona mdudu wa mviringo, mwekundu, mwenye madoa meusi mgongoni, akitafuna chawa mmoja baada ya mwingine. Baba alipiga magoti. Alimtazama kwa heshima ambayo sisi wanawe hatujawahi kuipata.

"Hii iko na uniform," alisema. "Safi kabisa. Hii ni ya kwetu."

Mpaka hapo hakukosea. Lakini saa ile ile aliona sisimizi wakipanda shina la sukuma kwa mstari ulionyooka, mmoja nyuma ya mwenzake, bila kusukumana. Kwa baba, kiumbe kinachojua kupiga kwata hakiwezi kuwa kibaya. Alipoona sisimizi mmoja amembeba chawa mdomoni, alituita wote tuje tushuhudie.

"Angalia. Iko kamata mateka. Inapeleka gereza."

Basi amri ikatoka, na nairudia kama ilivyotoka: mwenye sare aachwe, anayetembea kwa mstari aachwe, na mwingine yeyote anayezurura majanini bila sare na bila mpangilio ni adui, aende kwenye kopo. Na aliyeongoza kwa kuzurura alikuwa mdudu mmoja mweusi, mwembamba, mwenye miguu sita mirefu na vidoa vya manjano visivyo na mpango, kama mamba mdogo aliyechorwa na mtoto. Alikuwa na sura mbaya. Alikimbia huku na huku kama mtu aliyeiba. Tulimwua kwa makumi, na baba alitusifu.

Wiki mbili baadaye sukuma zilikuwa zinakufa. Majani yalinata kama yamepakwa asali, chawa walikuwa wamepanda mpaka kwenye moyo wa mmea, na sisimizi, wale washirika wetu, walikuwa wengi kuliko zamani na wamenenepa. Mwenye sare mwekundu alionekana mmoja mmoja, kisha hakuonekana. Baba alisema kikosi kimetoroka. Alilisema hilo kwa uchungu wa mtu anayeijua kazi ya kutoroka, ingawa sisi wakati ule hatukulielewa.

Mama hakupiga kelele. Kazi yake katika jeshi lile ilikuwa kumwaga makopo, na anayemwaga kopo huona yaliyomo. Jioni moja aliniita nyuma ya jiko, akanionyesha yule mweusi wa sura mbaya, amekufa, na mdomoni bado ameng'ang'ania chawa.

"Adui gani hii," aliniuliza, "yenye kufa na adui kwa mudomo?"

Asubuhi iliyofuata, kabla ya filimbi, alimchukua mweusi mmoja akiwa hai, akamtia kwenye chupa tupu ya jemu pamoja na jani lililojaa chawa, akafunika kwa kitambaa na kuificha nyuma ya gunia. Kila siku alimbadilishia jani. Aliniambia kwamba kwa siku moja yule bwana mdogo anakula chawa wengi kuliko watoto wake watano wanavyookota wakipigiwa filimbi.

Wakati huo huo msaada ulikuja kutoka nje, kama unavyokuja siku zote ukiwa umechelewa na una harufu. Jirani yetu, mlimaji wa tumbaku, alisimama kwenye ua akiwa na habari za bomba lake la kupulizia.

"Mimi iko na dawa ya tumbaku," alimwambia baba. "Unapiga asubuhi. Jioni dudu yote iko lala."

"Na mutu yenye kula mboga?" mama aliuliza.

"Mutu iko ngoja kidogo."

"Kidogo siku ngapi?"

Jirani alikuna kichwa. Kuku wake walikuwa wamekufa wiki ile baada ya kudonoa chini ya bomba, naye alishikilia kwamba ni kideri. Baba alitazama mistari yake minane. Alijua vizuri kwamba dawa ya tumbaku si dawa ya mboga, lakini alijua pia kwamba bila sukuma zile mama atachukua jembe aende kulima kwa watu tena.

"Leta Jumamosi," alisema.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, mama aliweka chupa juu ya kigoda mbele ya baba. Siku chache kabla, yule mweusi alikuwa ameacha kula, akajinatisha kwenye kioo na kujikunja, nikadhani amekufa. Sasa ganda lake lilikuwa limepasuka mgongoni, na kando yake alisimama mdudu wa mviringo, laini, wa rangi ya kiini cha yai, hana doa hata moja.

"Mzee," mama alisema, "kaa na huyu recruit kidogo."

"Hii nini?"

"Ni ile nyeusi. Ile yenye sisi iko ua."

Baba alikaa. Jua lilishuka polepole upande wa Zaire. Rangi ya yule mdudu iliiva kutoka kiini cha yai kuwa chungwa, na mgongoni madoa yakaanza kutokeza, kwanza kama vumbi, kisha meusi kabisa. Sijawahi kumwona baba akikaa muda mrefu namna ile bila kutoa amri. Mdudu alipokuwa amekamilika, mwekundu na madoa yake yote mahali pake, baba alisogeza uso karibu na kioo.

"Imepata uniform," alisema taratibu.

"Imepata leo. Lakini kazi ilianza siku mingi, bila uniform."

Kisha mama akamshika mkono, jambo ambalo hawakulifanya mbele yetu, akampeleka kwenye shina la kwanza na kumwambia achuchumae. Sisimizi walikuwa pale kwa mstari wao. Mmoja alimpapasa chawa mgongoni kwa vipapasio vyake, chawa akatoa tone la maji matamu, sisimizi akalinywa. Mwingine alikuwa amembeba chawa, na baba alimfuata kwa macho mpaka jani changa la juu, ambako sisimizi alimshusha mateka wake taratibu, kama mchungaji anayefikisha ng'ombe kwenye malisho mapya. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Sisi tulikipigia na saluti.

Baba aliinuka. Alikwenda mahali tulipopanga makopo ya asubuhi, akamwaga moja juu ya jani la mgomba, akaanza kuwatenga wale weusi kwa ncha ya unyasi na kuwalaza wakauke. Wote walikuwa wamekufa. Aliendelea hivyo hivyo mpaka kopo la tano. Jirani alipofika na bomba lake siku ya pili alikuta limekataliwa, akasema wanajeshi hawana shukrani.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi filimbi haikulia. Tulijipanga wenyewe kwa mazoea. Aliyesimama mbele alikuwa mama, na mkononi alikuwa na beseni la majivu ya kuzungushia mashina ili sisimizi wasipande. Baba alitoka nyumbani na kopo tupu. Alipita mbele yetu, akaenda kusimama mwisho wa mstari, nyuma ya mdogo wetu aliyejua kuhesabu mpaka kumi.

Mama alikuwa na utani wake wa miaka mingi kuhusu ile sare, na siku hiyo alidhani umepata nafasi. Alikagua mstari kama alivyozoea kuona wakikaguliwa wengine, akafika mwisho.

"Wewe ya mwisho. Uniform iko wapi?"

Tulicheka. Baba hakucheka. Alitazama mbele, mikono imenyooka mapajani.

"Nilitupa kwa maji ya mto, Pakwach," alisema. "Nilikuwa na ogopa."

Kicheko chetu kilikatika. Nilimpenda baba asubuhi ile kuliko siku zote alizokuja na vyeo begani, na nilitamani kumwambia, lakini nilikuwa kwenye mstari. Mama alimtoa kopo mkononi, akampa beseni.

"Sawa," alisema. "Wewe anza mstari ya kwanza. Sisimizi, weka majivu. Ile nyeusi ya kukimbia, hapana gusa."

"Ndiyo, Afande," baba alisema, akainama.