Ng'ombe wangu hatakiwi town

Jana nililala kijijini, leo nimeamka town. Na sijahama hata hatua moja!

Asubuhi mzee mmoja wa manispaa amefika kwangu na faili kwapani.

Sisi hapa Tetu mgeni haulizwi shida yake kabla ya chai. Nikampikia ya maziwa tupu.

Akamaliza. Akaomba kikombe ingine!

Ndio sasa akafungua faili. Ati mpaka wa town umesongeshwa na boma yangu iko ndani. Ati town hakuna kufuga ng'ombe, kwa hivyo nimuondoe ng'ombe wangu Nyambura kabla mwezi uishe.

Nani aliniuliza? Barabara ni matope. Maji bado nachota mtoni. Kitu ya kwanza town imeniletea ni kufukuza ng'ombe?

Nikamuuliza, "Hiyo chai ni tamu?"

"Tamu sana, mama."

"Maziwa ni ya huyo Nyambura."



Nikamnyang'anya kikombe kikiwa nusu, nikamwagia paka.

Majirani, amesema kesho anakuja kwenu. Muulizeni shida yake akiwa bado kwa geti.