Jiwe la Pwani lenye mifupa, na kisima cha mama mkwe kule Homa Bay

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hii nawapa vile ilivyotokea, chumvi sijaongeza hata chembe.

Mimi ni Mkuria wa Ntimaru, kazi yangu ni kutafuta maji chini ya ardhi. Nimeoa Homa Bay, karibu na vile vilima vya mawe meupe.

Mama mkwe huteka maji ziwani, na kuna mamba. Juzi mmoja alivuta mbuzi wa jirani mbele ya macho yake. Mke wangu Akinyi akaniwashia moto: "Unachimbia watu wote maji, mama yangu je?"

Sasa shida. Baba mdogo wa Akinyi alishafanya kazi kwa machimbo ya mawe ya chokaa huko Pwani, akaona maji yakitoka kwa mapango. Akakamulia jiwe la mlimani ndimu, likatoa povu.

"Ni chokaa ile ile ya Pwani! Chimbeni hapa juu!"

Pastor akaja akapaombea, vijana wakafyeka. Mimi roho juu. Mashine ya kuchimba tungeipata mara moja tu, na tukichimba pakavu, mama anarudi kwa mamba.

Lakini mkwe utabishana aje na wazee kwa boma lao? Hiyo kwetu na kwao ni aibu.

Nikatoa kwa gari jiwe langu la Pwani, nikakamulia yote mawili ndimu. Yote povu. Baba mdogo akacheka, "Si nilisema!" Nikawapitishia lens, kile kioo cha kukuza vitu.

Hapa mniruhusu nijimwage, maana hii kitu hunimaliza kila siku. Jiwe la Pwani lilikuwa viumbe hai: makombe, matumbawe, vidudu usivyoviona kwa macho. Vikifa vinatulia chini ya bahari, tabaka juu ya tabaka, uzito unavibana, chokaa iliyo ndani ya maji inavigandisha kama simiti. Baadaye maji ya mvua yanapenya na kulila polepole, yanaacha vitundu. Vitundu vikiungana, jiwe linakuwa tangi. Linaweka maji, na kwingine mafuta na gesi, bora juu yake kuwe na udongo mzito wa kufunika. Vidudu, wakuu! Mungu fundi.

Mama mkwe alikuwa ndani karibu na mlango, maana kwa mila mama mkwe na mkwe hatukai pamoja. Akaitisha lens na mawe yote mawili. Kisha tukasikia sauti yake:

"La Pwani lina mifupa. Letu halina."

Baba mdogo akalichukua tena. "Yawa! Kweli. Sasa letu lilizaliwa na nani?"

"Na moto, baba," nikamjibu. " Lilipanda kutoka chini likiwa limeyeyuka, likaganda. Povu ni moja, lakini bahari halijawahi kuiona. Hivyo vitundu hatuwezi kuvitegemea."

Baba mdogo akanipiga bega, akabeba panga, akaenda mwenyewe kufyeka kule chini nilikomwonyesha, kwenye changarawe, maji ya mvua yanakoingia na kukaa. Nilimheshimu sana siku hiyo.

Pastor akaomba mara ya pili. Maji yakatoka, na majibu ya maabara yakaja safi.

Nilichojifunza: povu lisikudanganye, uliza kwanza jiwe lilizaliwa aje. Na wakwe waonyeshe tu, wataona wenyewe.

Mama mkwe alinitumia glasi ya kwanza hadi nje kwa mkono wa Akinyi, na ujumbe: "Ero kamano, asante, mkwe. Ziwani sirudi." Nikainywa nimesimama, machozi hayo.

Jiwe langu liko kwa dirisha lake hadi leo, na sithubutu kulidai. Kwenu mnachimbia mawe gani? Hebu niambieni.